Sheria za umma au kesi za biashara: wakili mchanga ushike ipi?

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama nasubiri kesi yetu iitwe, akaja kukaa pembeni yangu binti mmoja kaapishwa juzijuzi tu, joho bado lina mikunjo ya dukani, akaniuliza swali ninaloulizwa karibu kila mwaka na kila mwaka nalijibu hovyo. "Shikamoo dada. Hivi mimi nishike sheria za umma au nishike biashara?" Kabla sijafungua mdomo tukaitwa, tukaingia, kesi ikaahirishwa kwa dakika mbili (ndo maisha yetu), natoka nje binti kashaondoka. Baadaye akanipata WhatsApp, na pale ndo nikagundua jibu langu haliwezi kuingia kwenye voisi ya dakika moja.

Mimi nimefanya vyote viwili, miaka minne nilikuwa kwenye kesi za kikatiba na mapitio ya mahakama, halafu nikahamia ofisi ya mawakili inayokula kwa kesi za mabenki, wakandarasi na wenye hisa waliogombana. Kwa hiyo ntasema nilichokiona, na naongelea Tanzania Bara. Zanzibar wana Mahakama Kuu yao na chama chao cha mawakili, hesabu ni nyingine. Kenya nako ni nyingine kabisa, ntagusia kidogo mbele.

Kwanza tuelewane

Ukisema sheria za umma watu wanaona picha ya wakili kanyanyua Katiba juu anaongea na waandishi wa habari pale nje. Hiyo ipo lakini ni kidogo mno. Kazi yenyewe ya kila siku ni hii, mwenye mamlaka fulani kafanya uamuzi (kafuta leseni, kamfukuza mtumishi, kakataa kutoa kibali, katunga kanuni) na wewe unasema hakufuata sheria. Milango mikubwa ni miwili. Kuna shauri la kikatiba chini ya ile Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya 1994, tunaiita Sura ya 3, ambapo likifika hatua ya kusikilizwa wanakaa majaji watatu. Na kuna mapitio ya mahakama kwa Sura ya 310 na kanuni zake za 2014, hapo unaanza kwa kuomba kibali, na kibali chenyewe lazima ukiombe ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipotolewa, ukishapewa una siku 14 za kupeleka maombi yenyewe. Ukikosea mlango umekwisha.

Biashara haihitaji maelezo marefu, ni hela. Mtu kakopa hajalipa, mtu kaleta mzigo mbovu, bima imekataa kulipa, wabia walioanza kampuni kwa kukumbatiana sasa hawasalimiani. Hizi zikiwa kubwa zinaenda Mahakama Kuu Divisheni ya Biashara, iliyoanza 1999, au zinaenda kwa msuluhishi (mtu ambaye wenye ugomvi wanakubaliana awaamulie nje ya mahakama) kama mkataba unasema hivyo, na tangu ije Sheria ya Usuluhishi ya 2020 (ile ya zamani ilikuwa ya 1931, babu yangu alikuwa hajazaliwa) usuluhishi umekuwa soko linaloeleweka.

Tofauti ambayo chuoni hawakwambii

Darasani wanakwambia sheria za umma ni mtu na dola, sheria binafsi ni mtu na mtu. Sawa. Ila ukiwa kazini tofauti unayoihisi mwilini ni nyingine: kwenye sheria za umma ukweli wa mambo mara nyingi haubishaniwi, kwenye biashara ukweli wa mambo ndo kila kitu.

Kwenye mapitio ya mahakama barua ya kumfukuza mtu ipo, tarehe ipo, aliyesaini yupo, hakuna anayebisha. Ugomvi wote ni kama aliyesaini alikuwa na mamlaka, kama mlalamikaji alisikilizwa, na zaidi ya yote, kama wewe una haki ya kusimama pale kulalamika. Ushahidi ni viapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu ameyaapia, shahidi huyaoni macho yake. Unaishi kwenye vifungu. Na unaishi kwenye mapingamizi ya awali, hapo mdogo wangu ntakaa kidogo kwa sababu ndipo mawakili wengi wachanga roho zao zinapovunjikia.

Kesi yangu ya kwanza kuishika mwenyewe ilikuwa ya mfanyabiashara wa mkoani aliyenyang'anywa eneo lake la biashara na mamlaka moja ya mtaa wao, barua mistari mitatu, hakuitwa kujieleza wala nini. Kesi ya wazi kabisa, nilikuwa nalala nacheka. Tukaomba kibali. Upande wa Serikali wakaja na pingamizi lenye hoja tatu, kwamba tumechelewa, kwamba kulikuwa na njia nyingine ya kukata rufaa hatukuitumia, na kwamba kiapo kina kasoro kwenye uthibitisho. Mbili za mwanzo tulizivuka. Ya tatu ikatumaliza, mteja alisaini kiapo lakini pale chini kwenye sehemu ya kamishna wa viapo pamesahauliwa kuandikwa mahali kilipoapiwa. Sehemu moja. Maombi yakaondolewa mahakamani. Tukatoka nje, mzee wa watu ananiuliza, "Kwa hiyo mwanangu tumeshindwa?" Nikamwambia hapana mzee, kesi haijasikilizwa. Akaniangalia, akaangalia mlango tuliotokea, akasema, "Sasa mbona tupo nje?"

Sijawahi kupata jibu zuri la swali hilo. Na ile miezi sita ilikuwa inaisha.

Tangu siku hiyo kiapo nakisoma kuanzia chini kwenda juu.

Biashara wewe hufi kwa kiapo (unaweza, ila mara chache), unakufa kwa karatasi. Kesi yenyewe ni maboksi. Hati za kupokelea mzigo, taarifa za benki, imeili za mwaka juzi ambazo mtu aliandika akiwa na hasira saa sita usiku, skrinshoti za WhatsApp, jedwali la Eksel ambalo mhasibu aliyelitengeneza kashaacha kazi. Anayeshinda mara nyingi ni aliyesoma maboksi yote, kipaji cha kuongea kinakuja baadaye sana.

Nakupa mfano. Tulikuwa tunamtetea mnunuzi anayedaiwa bei ya mzigo ambao yeye anasema sehemu yake haikufika. Mdai ana hati za kupokelea mzigo kama mia hivi, zote zina saini na mhuri. Nimezipanga kwa tarehe mezani nyumbani, watoto wamelala, nafika moja imeandikwa 26 Aprili. Nikaipita. Nikarudi. 26 Aprili ni Muungano. Siku ya kumdodosa shahidi wao, mtunza ghala, mtu mpole tu, nikamuuliza kuhusu utaratibu wa ghala, mnafungua saa ngapi, Jumapili mnafungua? Hapana. Sikukuu za kitaifa je? Hapana mheshimiwa wakili, sikukuu tunafunga, hata mlinzi anakaa nje ya geti. Nikampa ile hati aisome tarehe kwa sauti. Kimya kilichofuata pale, mpaka karani aliinua kichwa. Haikulimaliza dai lote maana hati zilikuwa nyingi, lakini kuanzia hapo kila hati yao ikawa inaangaliwa kwa jicho la pili, na wiki mbili baadaye wakaja wenyewe na maneno ya kumalizana.

Sasa jiulize. Kama hiyo hadithi imekuchosha ulivyoisoma, na ile ya kiapo imekusisimua ukaanza kuwaza kama kasoro ile ingetibika, wewe ni mtu wa sheria za umma. Kama ni kinyume chake, biashara inakusubiri. Nasema hivi bila utani, ni kipimo kizuri kuliko kujiuliza unapenda haki au unapenda hela.

Muda

Divisheni ya Biashara ina kanuni zake, za 2012 zikafanyiwa marekebisho 2019, na kanuni zinataka kesi iishe ndani ya miezi kumi, isizidi kumi na mbili. Zinazozidi zipo, usije ukaniita muongo, lakini majaji wanakimbiza kweli. Shahidi haanzi kusimulia kizimbani, maelezo yake yanaletwa kwa maandishi mapema na kwa muda uliopangwa, siku yake anakuja kudodoswa tu. Asipokuja kudodoswa maelezo yake yanaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu. Niliwahi kuwa na shahidi muhimu ambaye wiki ya kesi alisafiri bila kuniambia, nimempigia naambiwa "nipo Guangzhou dada, si nilishasaini?" Niliishia kukaa kwenye ngazi na viatu mkononi.

Sheria za umma muda wake ni wa ajabu, mwanzo unakimbizwa halafu ukishaingia unasubiri. Shauri la mgombea binafsi la Mchungaji Christopher Mtikila ndo kipimo chetu. Alianza mahakamani 1993, akashinda 1994 Mahakama Kuu mbele ya Jaji Lugakingira, Bunge likabadilisha Katiba, akarudi akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua hiyo 2010 ikisema suala ni la kisiasa likaamuliwe na Bunge, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha akashinda 2013. Miaka ishirini, na alifariki 2015 bila kugombea kama mgombea binafsi. Ukiwa wakili wa biashara ndani ya miaka ishirini ungekuwa umefunga kesi mia na ushee na kujenga nyumba mbili. Ukiwa wakili wa umma ungekuwa umeandika jina lako kwenye kitu ambacho wanafunzi wa sheria watakisoma mpaka karne ijayo. Mimi siwezi kukuambia ipi ni bora, najua tu kwamba watu hawajiulizi hili mapema.

Ukishinda unapata nini hasa

Wengi hawaelewi hapa. Ukishinda sheria za umma unapata karatasi, tamko kwamba kifungu kinakiuka Katiba, au amri ya kufuta uamuzi, au ya kumlazimisha ofisa atimize wajibu wake. Karatasi hiyo inaweza kubadilisha nchi au isibadilishe kitu. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016 kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vile vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, na 14 kwa ruhusa ya mahakama. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema Gyumi yuko sahihi. Ukaja 2024 watu walikuwa bado wanalipigia kelele Bunge lirekebishe. Ushindi wa asilimia mia mahakamani, nje huko binti wa miaka 15 bado yuko palepale.

Biashara ukishinda unapata tarakimu. Kwa mfano mia nne milioni na riba. Inapendeza sana siku ile, mteja anakukumbatia. Halafu unaanza kukazia hukumu, yaani kumlazimisha aliyeshindwa alipe, ndo unagundua kampuni uliyoishinda ina ofisi ya kupanga, viti vinne na gari lenye mkopo wa benki. Kukaza hukumu ni kesi ya pili ambayo hakuna anayekufundisha.

Na ukimshinda Serikali kwenye madai ya hela? Mali ya Serikali haikamatwi, sheria imekataza, unapewa hati ya kuthibitisha deni unaipeleka wizarani, unasubiri bajeti. Ndo maana wajanja wenye tuzo za usuluhishi (uamuzi wa msuluhishi unaitwa tuzo) wanakwenda kutafuta mali nje ya nchi. Mnakumbuka Agosti 2019 ndege yetu, Airbus, ilivyozuiwa Johannesburg na yule mkulima Hermanus Steyn aliyekuwa anadai fidia yake? Mahakama ya kule iliiachia mwezi uliofuata, lakini wiki zile kila daladala ilikuwa na mtaalamu wa sheria za kukazia hukumu.

Hela sasa, maana najua ndo ulikuja kuisoma

Sitakudanganya. Biashara inalipa zaidi, na inalipa kwa utaratibu unaoeleweka, mteja ni kampuni, ana bajeti ya wanasheria, anakuweka kwa malipo ya mwezi, unatuma invoisi. Analipa kwa kuchelewa, ila analipa. Gharama za uwakili nazo zina viwango kwenye Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015, na kwenye madai ya kiasi kinachojulikana kiwango kinatembea na thamani ya madai, kwa hiyo kesi ikiwa kubwa na wewe unanenepa.

Sheria za umma mteja wako mara nyingi ni mtu aliyefukuzwa kazi, yaani kipindi ambacho hana hela ndo anakuhitaji. Shauri la kikatiba ukishinda mahakama mara nyingi inasema kila upande ubebe gharama zake kwa kuwa suala lina maslahi ya umma, maneno mazuri hayo mpaka ukumbuke fotokopi ulilipia wewe. Wanaoishi na hii kazi kwa muda mrefu wako kwenye mashirika kama LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), au wana ofisi ambayo kesi nyingine zinalipa kodi ya pango, au wameajiriwa Serikalini upande wa pili wa meza.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa kwenye invoisi. Fatma Karume alikuwa mbia kwenye ofisi kubwa tu ya mawakili hapa Dar, na alishakuwa Rais wa TLS, chama cha mawakili wa Tanzania Bara. Kilichomletea balaa ni shauri la kikatiba la kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Septemba 2019 akasimamishwa uwakili kwa yaliyoandikwa kwenye hoja zake, 2020 Kamati ya Mawakili ikamfuta kwenye orodha, 2021 Mahakama Kuu ikatengua. Siwatishi. Ila sijaona mtu akifutwa uwakili kwa sababu alibishana na benki kuhusu riba. Ukienda sheria za umma uso wako unaanza kufahamika, na wateja wengine wa biashara, hata kama wanakupenda, watakwambia "wakili wewe ni mzuri ila sisi tunategemea leseni".

Upande wa pili wa shilingi, umaarufu huo nao una faida yake. Shauri la kupinga makubaliano ya bandari na Dubai lilifunguliwa Mbeya 2023, Agosti 10 majaji watatu wakalitupa. Mmoja wa mawakili wa waleta maombi, Boniface Mwabukusi, mwaka uliofuata mawakili wakamchagua kuwa Rais wa TLS. Kwenye biashara ukishindwa kesi kubwa unapoteza mteja, basi.

Mlango umebanwa

Hili lazima ulijue kabla hujachagua. Zamani mtu yeyote angeweza kusimama kwa ibara ya 26(2) ya Katiba akasema natetea Katiba. Mwaka 2020 Sura ya 3 ikarekebishwa, sasa unatakiwa uape kiapo kinachoonyesha wewe binafsi umeathirika vipi na hicho unacholalamikia. Kabla ya hapo, Novemba 2019, Tanzania ilishajitoa kwenye tamko lililoruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika, na kujitoa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mahakama ipo Arusha, unaweza kwenda kwa bodaboda, ila kesi mpya huwezi kupeleka. Kwa hiyo ile barabara aliyopita Mtikila leo haipo.

Kenya wao Katiba yao ya 2010 imefungua mlango huo wazi, mtu yeyote anaweza kuleta shauri kwa niaba ya umma, ndo maana wana mtu kama Okiya Omtatah ambaye amesumbua serikali mahakamani miaka na miaka na wala siyo wakili. Ukisoma hii ukiwa Nairobi, soko la sheria za umma kwako ni pana kuliko letu, usituige hesabu zetu.

Ila angalia, Serikali ndo mfanyabiashara mkubwa

Hapa ndo nilipokuwa nataka kufika tangu mwanzo na ndo kitu nilichotaka kumwambia yule binti kwenye benchi. Hapa kwetu Serikali inanunua, inajenga, inamiliki shirika la umeme, inatoa leseni ya kuchimba na inakuwa mbia kwenye huo mgodi. Kesi zenye hela nyingi kuliko zote ni zile ambazo zimekaa katikati, na mawakili wanaoweza kusimama katikati ni wachache.

Chukua nikeli ya Ntaka Hill, Lindi. Kulikuwa na kampuni za kigeni zenye leseni ya kushikilia eneo. 2017 sheria ya madini ikarekebishwa, aina ile ya leseni ikaondolewa kabisa. Mpe faili hilo wakili wa sheria za umma, atakwambia je, walisikilizwa? Kuna haki ya kikatiba ya mali? Tuombe mapitio. Mpe wa biashara, ataenda moja kwa moja kwenye mkataba wa kulinda uwekezaji baina ya nchi mbili atafute kifungu cha kutaifisha bila fidia. Walipita njia ya pili. Julai 2023 baraza la usuluhishi la ICSID, kile kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, likawapa zaidi ya dola milioni 109, na 2024 Serikali ikamalizana nao kwa dola milioni 90. Tendo ni lilelile moja, kifungu kimefutwa bungeni Dodoma. Kilichoamua ni wewe umelisoma kwa miwani ipi.

Au mnakumbuka City Water, maji ya Dar? Mkataba ukavunjwa 2005, Biwater Gauff wakaenda ICSID. Mwaka 2008 baraza likasema Tanzania imevunja mkataba wa uwekezaji, lakini fidia sifuri, kwa sababu hasara haikutokana na hilo, kampuni ilishakuwa hoi yenyewe. Kinachonifurahisha mimi, kwenye kesi hiyo ya wafanyabiashara ziliruhusiwa asasi zetu za kiraia, LHRC, LEAT ya mazingira na TGNP ya jinsia, na wenzao wa nje kuleta maandishi kama marafiki wa baraza, wakaongelea haki ya maji. Watu wa sheria za umma waliingia kwenye ugomvi wa mkataba bila hata kuwa na mteja.

Huko ni juu sana, najua. Shuka chini. Zabuni. Mkandarasi kaenguliwa, analalamika kwanza kwa mkuu wa taasisi iliyotangaza, akikataliwa anaenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na siku zenyewe ni chache unahesabu kwa vidole. Hoja zako pale ni za sheria za umma kabisa, walifuata vigezo walivyotangaza, walitoa sababu, walikuwa na upendeleo. Mteja wako ni mfanyabiashara na anakulipa kama mfanyabiashara. Kodi ni hivyohivyo, Bodi ya Rufani za Kodi halafu Baraza la Rufani za Kodi, kila siku ni mamlaka ya umma kafanya uamuzi na kampuni ndo inaumia. Baraza la Ushindani nalo. Wachanga wanazikimbia hizi wakidhani ni kazi za wahasibu, wenzao wanakula.

Uanzie wapi

Ushauri wangu, na wapo watakaobisha: kama unaweza kupata nafasi Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ile iliyoanzishwa 2018, ichukue. Mshahara ni wa Serikali, usitegemee kitu. Lakini ofisi hiyo ndo inatetea Serikali kwenye madai, mashauri ya kikatiba na usuluhishi wa ndani na wa nje, maana yake ndani ya miaka mitatu utakuwa umekaa kwenye meza zote mbili na utajua jinsi mapingamizi yale yaliyoniua yanavyopikwa jikoni. Ukitoka hapo unajua mapishi.

Ukikosa, anza na biashara. Sababu siyo hela peke yake. Nidhamu ya karatasi, kumwandaa shahidi, kudodosa, hivyo vitu huwezi kuvijifunza kwenye viapo. Mtu aliyezoea kesi za ushahidi akienda sheria za umma anaandika kiapo kizuri sana maana anajua ukweli unavyojengwa. Aliyeanza na Katiba akija biashara anapata shida kubwa, mimi ni shahidi, mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naandika hati ya madai kama hotuba na bosi wangu ananirudishia imejaa wino mwekundu, "Tarehe ngapi? Nani alimwambia nani? Kiasi gani?"

Wasioweza kuanza na biashara ni wale ambao moyo unawawaka kabisa kuhusu kitu fulani, ardhi ya wafugaji, wanawake, vyombo vya habari. Hao siwashauri kitu, wataenda tu.

Lugha nayo, haraka: tangu 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama, na wakili mwenye Kiswahili kilichonyooka ana faida, hasa kwenye mashauri ambayo umma unafuatilia. Mikataba ya biashara bado inakuja kwa Kiingereza kizito kilichoandikwa London, na shahidi wako ni mtunza ghala wa Vingunguti. Kuvusha maana kati ya hao wawili ni nusu ya kazi.

Na kwa ambao bado mpo Shule ya Sheria, pale ambapo mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote kwa mkupuo ni 26 tu, nyie kwanza msidisko, haya ya kuchagua tutaongea mkitoka.

Yule binti nilimtumia haya yote vipandevipande. Hakujibu kama wiki mbili nikajua nimemchosha. Juzi kanipigia, yuko ofisi moja ndogo Sinza, anasema ana mkandarasi aliyejengea halmashauri madarasa na hajalipwa, na kwa kuwa ni halmashauri lazima atoe notisi ya siku tisini na nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi. Nikamuuliza, haya, hiyo ni ya umma au ya biashara? Akacheka, akasema, "Subiri kwanza dada, nipo Novemba hapa, nimalize kuhesabu."